Mitungi Yenye Tepu Nyekundu

Moshi wa dizeli huingia kwenye unga. Watu wengi hudhani unapanda juu ukapotea, lakini mama aliyesaga uwele wake asubuhi kwenye mashine isiyoangaliwa atakula ugali wenye moshi jioni, yeye na watoto wake, na kesho yake atakuja kukutafuta. Jambo hilo nililijua nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye mashine ya kusaga ya Utemini, mjini Singida. Nilianza kazi pale baada ya kumaliza darasa la saba na jina langu kutoonekana kwenye orodha ya waliochaguliwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Mashine za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa kila mtaa, na akina mama waliozoea kupanga foleni kwenye mashine moja sasa walikuwa na pa kuchagua. Ukiwaharibia unga, walivuka barabara wakaenda kwa jirani. Na Singida ni mji wa upepo. Kwa hiyo mwenye mashine alifunga kona ya chuma juu ya bomba la moshi, kona inayozungushika, na kazi yangu ya kwanza, kabla ya kuruhusiwa kugusa injini, ilikuwa kuangalia upepo. Ukigeuka, nazungushia gunia mkononi nisiungue, napanda juu ya matofali, nageuza kona ili moshi uende mbali na mlango.

Siku moja nilichelewa. Mama mmoja akarudi na beseni lake, akalitua mbele yangu.

"We kijana, hiki ni nini?"

"Unga, mama."

"Unga? Lete kiganja."

Nikaleta. Akanimwagia kidogo.

"Nusa. Haya, sasa onja. Usiteme! Wanangu hawakutema."

Foleni nzima ikacheka. Nilionja, na tangu siku hiyo harufu ile haijanitoka. Ni kitu chenye mafuta, chenye ukali kidogo nyuma ya ulimi. Hata moshi ukiwa kidogo sana, naujua.

Mimi ni mtu wa haya. Mbele ya watu watatu maneno hunikauka, na wakiwa watano natafuta mlango. Hata maneno haya naandika polepole, nafuta, naandika tena. Nalisema hili mapema kwa sababu haya yangu iliwahi kutumiwa na mtu mwingine kama chombo, na mimi nikakubali kushikwa mpini.

Fundi aliyekuwa akitutengenezea injini alisikia kuwa hoteli moja mpya huko Unguja inatafuta kijana anayejua injini ndogo za dizeli. Akanitaja. Mama yangu, aliyekuwa kijijini Mgori akilima, aliuza mbuzi wawili nikapata nauli. Nilikuwa na miaka ishirini na sijawahi kuona maji mengi kuliko ziwa letu la chumvi pale mjini.

Hoteli ile ilikuwa na biashara ya kuwapeleka wageni kupiga mbizi. Safari ilikuwa ya siku moja. Boti iliondoka saa tatu asubuhi na wageni wanne, ikaenda hadi kwenye mwamba, wageni wakazama mara ya kwanza, wakapanda, wakala matunda na mikate, wakazama mara ya pili, wakarudi saa tisa wakiwa wekundu na wenye njaa. Kila kuzama kulitaka mtungi mpya wa hewa. Watu hudhani mle ndani mna dawa au hewa ya hospitali. Hamna. Ni hewa hii hii tunayopumua, imevutwa na mashine kupitia bomba la mpira, ikakandamizwa ndani ya chuma hadi mtungi mmoja ukaweza kumtosha mtu karibu saa nzima. Mashine hiyo tuliiita kompresa, na iliendeshwa na injini ya dizeli ambayo ningeweza kusema ni ndugu wa damu wa ile ya Utemini. Kazi yangu ilikuwa kujaza mitungi.

Mtu niliyemjazia kuliko wote alikuwa kiongozi wa wapiga mbizi, mwenyeji wa kisiwani, mwenye umri kama wa miaka thelathini, mke na watoto wawili. Wageni walibadilika kila baada ya siku nne au tano. Yeye alizama kila siku, mara mbili. Alikuwa mcheshi, na alinichagua mimi kuwa mtu wake wa kutania.

"Yakhe, hebu niambie kweli. Kwenu Singida mnaoga?"

"Tunaoga, kaka."

"Kwa maji?"

"Kwa maji."

"Mnayatoa wapi?"

"Kisimani."

"Basi nyie ndio wapiga mbizi, si mimi. Mie nazama nikitazama samaki, nyie mnazama mkitafuta ndoo!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipogundua kuwa chakula cha wafanyakazi kilikuwa maharage siku sita kwa wiki, alianza kuniletea samaki kutoka kwake, wamefungwa kwenye jani la mgomba, wa kukaanga. Hakusema kitu. Aliweka juu ya pipa la dizeli akaondoka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuhusu kina. Siku moja alichukua chupa tupu ya plastiki ya maji ya kunywa, akaifunga kizibo, akazama nayo. Aliporudi aliniambia imerudi kama ilivyokwenda, lakini kule chini, mita kumi, ilikuwa imebonyea nusu. "Maji yanabana," alisema. "Kwa hiyo pumzi moja ya mita kumi ni pumzi mbili za hapa. Mita ishirini, tatu. Ndiyo maana mtungi unakwisha upesi huko. Umeelewa, mtu wa bara?" Nilielewa. Niliwahi kujuta kwamba nilielewa vizuri namna ile.

Bomba la mpira la kuvutia hewa lilikuwa limefungwa kwenye nguzo fupi upande mmoja wa banda, na bomba la moshi la injini lilitokea upande wa pili. Waliolifunga walikuja, wakafunga kulingana na upepo wa miezi ile, wakaondoka. Miezi ikapita, upepo ukageuka. Asubuhi ulitulia, lakini kuanzia saa sita mchana ulivuma kutoka upande wa moshi moja kwa moja kwenda kwenye nguzo. Na amri ya meneja ilikuwa kwamba kompresa isiwashwe asubuhi. Iwashwe baada ya chakula cha mchana tu, kwa sababu kelele zake zingewasumbua wageni wanaokunywa chai barazani.

Siku ya nne ya upepo ule, nilifungua koki ya mtungi mmoja kidogo sana, nikaweka kiganja mbele ya hewa, nikanusa kiganja, kisha nikagusa kwa ncha ya ulimi. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama nilivyofunzwa na mama yule wa beseni. Nikapata Utemini.

Nikafungua wa pili. Utemini. Wa tatu, vilevile.

Nilifikiria pumzi mbili, pumzi tatu. Moshi mdogo wa juu, kule chini ni moshi mara tatu. Na nikakumbuka kuwa kiongozi wetu tangu juzi yake alikuwa akirudi kutoka baharini ameshika kichwa, akisema ni malaria, na mke wake alikuwa ameshampa vidonge.

Nilijipanga usiku kucha namna ya kusema. Asubuhi nikaenda ofisini kwa meneja. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa mjini, mwenye shati lililopigwa pasi hata mifukoni. Mwenye hoteli aliishi nje na alikuja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo huyu ndiye tuliyemjua.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Sema upesi, nina watu."

"Mitungi, bosi. Ina moshi."

"Moshi gani?"

"Wa injini. Upepo umegeuka. Bomba linavuta moshi."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Kuna mgeni amelalamika?"

"Hapana. Lakini kaka kiongozi anaumwa kichwa."

"Nimekuuliza mgeni."

"Hapana, bosi."

"Basi. Wewe umetoka wapi vile?"

"Singida."

"Kule mnakofuga kuku. Nenda kajaze mitungi."

Nikaenda kujaza mitungi. Naandika sentensi hiyo na mkono unaniuma. Nilikuwa nimepanga kusema mengi: kwamba nguzo ihamishwe, kwamba bomba refu zaidi litatosha, kwamba injini ikiwashwa saa kumi na mbili asubuhi hakuna upepo. Nilisema machache nikatoka.

Siku mbili baadaye mgeni mmoja alirudi na kichwa kinamgonga. Hapo sasa meneja alikuja mwenyewe bandani, haraka, suruali ameikunja isiguse mafuta.

"Ule moshi wako, hauingii saa ngapi?"

"Asubuhi, bosi. Mpaka saa sita."

"Ukiwasha saa tatu boti ikishaondoka, mpaka saa sita unajaza mingapi?"

Mashine yetu ilikuwa ndogo. Mtungi mmoja ulichukua karibu dakika ishirini, na lazima ipumzike ipoe.

"Minane," nikasema.

Akahesabu kwa vidole. Wageni wanne, mitungi miwili kila mmoja. Minane. Uso wake ukafunguka kabisa, kama mtu aliyepata chenji asiyoitegemea.

"Safi. Minane hiyo ni ya wageni. Ile miwili ya kiongozi jaza baadaye."

"Bosi, na yeye..."

"Yeye amezoea. Tia alama isichanganyike. Bomba refu nimeshaagiza Dar, ni suala la siku chache."

"Tukiwasha saa kumi na mbili asubuhi, bosi, itatosha yote."

"Saa kumi na mbili watu wamelala! Wamelipa kulala. Umeelewa? Na usiende kutangaza huko. Ukianza kuwaambia watu mitungi ina moshi, wageni wataondoka, na watu arobaini hapa watarudi kwao kula mihogo. Utakuwa umewafukuza wewe."

Akanipa tepu ya umeme, nyekundu, kutoka mfukoni mwake. Alikuwa amekuja nayo. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Hakuja kuuliza. Alikuja ameshaamua, na tepu mfukoni.

Amezoea! Mtu huzoea jua, huzoea pilipili, huzoea mama mkwe. Nani aliwahi kuzoea moshi wa dizeli ndani ya kifua, chini ya mita ishirini za maji? Na hata kama angeweza kuzoea, nani alimuuliza? Kwetu Singida, mama maskini kuliko wote, aliyekuja na kibaba cha mtama, alikuwa na haki ya kunimwagia unga kiganjani akaniambia nionje. Hapa mtu aliyewaongoza wageni wote baharini, aliyewashika mkono wakiogopa, hakustahili hata kuambiwa anapumua nini.

Nilifunga tepu. Ndiyo, mimi. Kila alasiri nilijaza mitungi miwili moshi ukinipita usoni, nikazungusha tepu nyekundu shingoni mwa kila mmoja, nikaipanga mwisho wa mstari. Siku ya kwanza kiongozi aliniuliza.

"Yakhe, hizi nyekundu ndiyo nini? Umenipamba?"

"Ni zako," nikasema.

"Zangu! Aa, sasa nimekuwa bwana harusi."

Akacheka, akaibeba mitungi yote miwili begani.

Zilipita siku kumi na moja. Kila siku nilijiambia bomba litafika kesho. Kila siku alirudi akiwa amepungua. Kwanza aliacha kunitania wakati wa kushusha mitungi. Kisha akawa anakaa mchangani kabla ya kwenda nyumbani, macho amefumba. Nahodha wa boti alisema labda ni jini wa mwambani, aende kwa mganga. Mke wake alisema ni malaria sugu. Yeye mwenyewe alisema ni uzee umemwahi. Watu watatu walikuwa na majibu matatu, na mimi niliyekuwa na jibu la kweli niliinama nikafuta mafuta kwenye injini. Na samaki aliendelea kuja, juu ya pipa la dizeli. Nilikula.

Siku ya kumi na mbili msaidizi wa boti alifiwa na bibi yake, ikabidi niende baharini mimi kubeba mitungi. Wageni walikuwa wanne, wazee wawili mke na mume, na vijana wawili. Mzamo wa kwanza ulikwenda vizuri kwa wageni. Kiongozi alipopanda ngazi ya boti, midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda, na alikosea kukishika kipande cha mwisho cha ngazi mara mbili, kama mlevi. Alikaa ubavuni mwa boti, akatapika upande wa nje ili wageni wasione, akanawa uso.

"Kaka, pumzika," nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Nani atawashusha? Wewe?" Akajaribu kucheka. "Nipe wa pili. Hapa tunakwenda ishirini na tano, wameomba kuona mapango."

Mita ishirini na tano. Niliuinua mtungi wenye tepu. Wageni wanne walikuwa wamekaa, nahodha nyuma, na wote, ilionekana kwangu, wananitazama mimi. Nilijua tu kwamba nikimfungia mtungi ule mgongoni, nitakuwa nimemfungia kwa mikono yangu.

Nikauweka chini.

"Usiutumie huu, kaka."

"Umepungua?"

"Umejaa. Una moshi."

"Moshi wa nini?"

Nikafungua koki kidogo. Nikashika kiganja chake nikakiweka mbele ya hewa, nikakisogeza puani kwake. Alinusa. Alinusa tena. Akaondoa mkono.

"Gari," akasema. "Inanuka gari."

Kisha akautazama ule utepe mwekundu.

"Na hii tepu?"

"Ni yangu. Nimefunga mimi. Meneja alisema."

"Ya wageni haina tepu."

"Ya wageni haina moshi."

Nahodha akasema, "Hebu nyamazeni, wageni wanatazama."

"Watazame," kiongozi akajibu. Akanyanyuka, anayumba, akaubeba mtungi ule hadi mbele ya wageni. Akawaambia kwa Kiingereza chake cha kazini wanuse. Mzee yule akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Mkewe akanusa. Vijana wakanusa. Kisha akachukua mmoja wa mitungi yao akafungua wawe na cha kulinganisha. Waliinama pale kwenye boti kama akina mama kwenye foleni ya mashine, wakinusa viganja vyao, na mara ya kwanza tangu nifike kisiwani nilijua kabisa wanachokifanya.

Waliuliza maswali mengi. Kiongozi alijibu mengine, mengine alinigeukia, nami nikajibu neno moja moja, akatafsiri. Nilipomweleza sababu ya kutowasha mashine alfajiri, akawaambia na hiyo. Yule mama mzee akasema kitu kwa hasira. Kiongozi akanitafsiria: yeye huamka saa kumi na moja kila siku, na mumewe ni kiziwi sikio moja.

Hawakuzama tena. Boti ilirudi saa tano, na wageni wakaenda ofisini bila kuvua nguo za mpira, wakidondosha maji sakafuni. Sikusikia yaliyosemwa. Nilichoona ni hiki: kabla ya adhana ya adhuhuri, watunza bustani wawili walikuja bandani na bomba refu la mpira, la kijani, ambalo siku zote lilikuwa likimwagilia maua mbele ya ofisi ya meneja. Walilikata mbele yangu, wakaliunga kwenye bomba la kuvutia hewa, wakalipeleka mpaka upande wa pili wa ukuta, juu, kwenye upepo safi. Kazi yote haikufika nusu saa. Nilihesabu hatua kutoka nguzo ya zamani hadi mahali papya: hatua kumi na nne.

Siku kumi na moja bomba lilikuwa "limeagizwa Dar", na kila asubuhi nililiruka nikienda kuchota dizeli! Mtu alitapika, mtu alimeza vidonge vya malaria asiyokuwa nayo, mke alikesha, na bomba liko kwenye maua. Halikuhitaji fedha wala fundi wala meli. Lilihitaji mgeni anuse. Sijawahi kulisamehe hilo, na wanaoniambia kwamba mambo yalikwisha vizuri, kwamba hakuna aliyekufa, nawaambia waende wakaoneshe uungwana wao mahali pengine. Hatukuwa tunasubiri mtu afe ndipo liwe kosa.

Meneja aliniita alasiri. Hakunikaripia. Alisema kwa upole kwamba uchunguzi umeonesha mjazaji wa mitungi alifanya uzembe na kuficha, na kwamba kwa huruma yake hataniandikia barua mbaya. Niondoke kesho.

"Bosi, nilikuambia," nikasema.

"Uliniambia lini? Uliandika?"

Sikuwa nimeandika. Mimi, ninayeandika polepole, sikuwa nimeandika mstari mmoja. Labda ndiyo sababu naandika sasa.

Kiongozi aliambiwa apumzike siku nne, kisha arudi kazini. Hawakuweza kumfukuza, ni nani mwingine aliyeujua mwamba? Nilitegemea ataingia ofisini kunisemea. Hakuingia. Usiku ule nilikasirika na yeye pia. Nilisema moyoni, nimekuokoa mbele ya watu, mimi nisiyeweza kusema mbele ya watu, na wewe hukusema neno.

Asubuhi nilikaa barabarani na begi langu, nikisubiri gari la mboga linalorudi mjini. Kiongozi alikuja kwa miguu kutoka kijijini. Rangi ya uso ilikuwa imeanza kurudi. Alisimama, hakukaa.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Umezihesabu."

"Ndiyo, kaka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei.

"Nilikuwa nakuletea samaki," akasema.

Niliinama nikatazama begi langu.

"Sikiza. Ungeniambia siku ya kwanza, sisemi ningeacha kazi. Nina watoto wawili. Labda ningezama vilevile. Lakini ningejua. Nisingewapeleka watu mapangoni, ningekaa mita nane tuone kasa, basi. Mke wangu asingeuza bangili kununua dawa. Ningezama kwa kutaka kwangu. Wewe ukaninyamazia, ukanichagulia."

"Si mimi. Ni meneja."

"Meneja hana pua. Pua ulikuwa nayo wewe."

Nilikuwa na la kusema. Nilitaka kumwambia kuhusu watu arobaini na mihogo, kuhusu tepu iliyokuja tayari mfukoni, kuhusu neno "amezoea". Vyote hivyo vilikuwa kweli, na hasira yangu juu ya meneja ilikuwa ya haki, na bado ni ya haki. Lakini palikuwa na neno moja tu alilolifuata pale barabarani, na alikuwa ametembea kutoka kijijini kulifuata, mtu ambaye bado miguu yake haikuwa imara. Neno hilo halikuwa la meneja. Lilikuwa langu, la kuomba radhi, na ni fupi.

Gari la mboga likafika. Nyuma kulikuwa na wanawake saba na matenga yao, wote wamegeuka kututazama, na mmoja akasema, "Haya mgeni, panda, au mnaagana mpaka Ijumaa?" Wenzake wakacheka.

Nikanyamaza tena. Nikarusha begi juu, nikapanda, nikajibana kati ya matenga. Gari lilipoondoka alikuwa bado amesimama palepale, mikono imeshuka, ananitazama mdomoni.